Vinyonga wa Mama Hanta

Jumanne, 2 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Wali peke yangu tena. Wali wa mtu mmoja hautoi ukoko wa maana, na bila ukoko hakuna maji ya ukoko, yale yanayochemshwa ndani ya sufuria yenye ukoko, ya kushushia. Nimekunywa maji matupu. Hii ndiyo hali ya mstaafu wa reli aliyeipungia bendera kila treni iliyopita hapa, zote zimejaa watu.

Lakini leo kuna jambo. Mama Hanta, mjane, jirani yangu pekee (baada ya nyumba yangu ni msitu tu), ameniita kwa jina. Kwa sauti! Kinyonga alikuwa kwenye mibuni yake. Mama alinionyesha kwa kidole kilichokunjwa, kwa adabu, maana kwao kumnyooshea kinyonga kidole ni mwiko. "Ralaivao we, hebu niondolee huyu mkubwa. Mimi simgusi, hata unipe nini." Kwetu pia ni mwiko kumshika kwa mkono, nikamwondoa kwa kijiti. Akaniambia nikae, kahawa iko motoni. Nikasema nina kazi. Mwanamume akikimbilia kahawa, watu wanamwona hana shughuli. Nikarudi kwangu nikakaa kitandani, sina shughuli.

Nimewaza sana. Amenihitaji kwa sababu ya kinyonga. Msitu umejaa vinyonga.

Alhamisi, 4 Aprili

Mpango umeanza. Alfajiri kinyonga bado yuko usingizini, amepauka, anang'ang'ania tawi lake. Unakata tawi, unaliweka kikapuni, yeye hana habari. Nimempachika kwenye ua wa Mama Hanta, nikarudi kujificha nyuma ya dirisha langu.

Hakutoka. Anapika. Anafagia. Kinyonga akaamka, akaanza safari. Mguu mmoja, anatikisika, anafikiri, mguu mwingine. Wanasema hana haraka. Mwongo mkubwa yule. Mama Hanta alipotoka, kinyonga alikuwa amekwisha kuvuka, yuko kwenye ua wangu.

Akaniambia kutoka mbali kwamba leo nina mgeni. Akaingia ndani. Mgeni amelala hapa mpaka jioni, amenilia nzi wote.

Ijumaa, 5 Aprili

Leo nimeweka wawili, madume, kichaka kimoja. Hesabu yangu: mmoja akiondoka, mwingine atabaki. Kumbe madume hawavumiliani. Walivimba, wakajitia rangi zote walizonazo, wakafungua midomo. Mama Hanta akapiga kelele kuniita. Nikasubiri kidogo ili nisionekane nilikuwa tayari.

Kosa. Nilipokuwa nasubiri, Tojo alikuwa anapita. Tojo ni yule anayetembeza wageni msituni: viatu virefu, darubini kifuani, filimbi ambayo sijui ni ya kumpigia nani. Akaingia bila kubisha. Akamweleza Mama Hanta kwamba hawa wanagombea mahali, hawana sumu wala nini, na kwamba wa kijani kibichi hivi huwapendi wewe tu, mama, wazungu wanapanda ndege kuja kuwaona. Mama Hanta akacheka. Kicheko hicho sijakisikia tangu marehemu mumewe alipokuwa hai, na ni vinyonga wangu waliokileta, halafu kimeenda kwa Tojo.

Akapewa kahawa. Akakaa, mtu huyu! Hana hata aibu. Nilipofika uani, akanyanyua kikombe kuniamkia. "Mzee, karibu basi." Nikasema nina kazi.

Jumapili, 7 Aprili

Baada ya kanisa nimebadili silaha. Mjusi mwenye mkia kama jani. Watu wanamwogopa huyo kuliko kinyonga, wanasema ni wa shetani. Nimemwona kwenye gome, nimemhamisha na gome lake, nikamweka kwenye mwimo wa mlango wa Mama Hanta mwenyewe akiwa bado kanisani anapiga soga.

Akarudi. Akaingia. Akatoka. Akaingia. Kimya.

Nikaenda kuangalia. Sikumwona hata mimi. Nikapapasa mwimo wote kwa kijiti, kisha kwa kiganja, kisha nikaweka na shavu ili nitazame kwa upande. Mama Hanta alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza kama nataka kuununua mlango. Nikasema mbao ni nzuri. Akasema haya, karibu kahawa. Nina kazi, nikasema.

Mjusi sijui yuko wapi. Labda bado yupo palepale.

Jumatano, 10 Aprili

Nimerudi kwa vinyonga na sasa mambo ni moto. Simweki tena uani. Namweka mlangoni kabisa, kwenye tawi la bugenvilia, uso ndani, ili mwenye nyumba akifungua tu wakutane ana kwa ana. Jumatatu ameniita. Jana ameniita. Leo ameniita kabla sijanawa uso. Nimekuwa mtu anayeitwa. Nimenyoa ndevu. Nimefua shati la kazini, lile la vifungo vya shaba.

Jioni nikakutana na Tojo njiani. Akanitania, eti mzee siku hizi unanyoa, unaoa? Kisha akasema inasikitisha kuhusu Mama Hanta. Nikauliza kuhusu nini. Kumbe anahama. Treni ya Jumatatu, mjini Moramanga, kwa binti yake Hanta. Binti amemwomba tangu mavuno na yeye anakataa, hataki kuiacha nyumba ya mumewe. Sasa amekubali. Kwa nini? Tojo akakuna kichwa. Kila ukoo na mwiko wake, akasema. Kwao, kinyonga akija mlangoni akatazama ndani, ndiyo mizimu ya mababu inasema nyumba hii imekwisha kukuchoka. "Na wamemjia siku tatu mfululizo, mzee. Hata mimi ningefunga mizigo."

Sikula usiku huu.

Alhamisi, 11 Aprili

Si jambo la kukata tamaa. Ikiwa uso ndani ni kuondoka, uso nje ni kubaki. Ni hesabu tu. Alfajiri nimemweka kinyonga akiitazama barabara, mgongo kwa mlango. Safi kabisa.

Nilisahau macho. Mama Hanta akafungua, akamtazama muda mrefu. Jicho moja la kinyonga lilikuwa barabarani. La pili lilizunguka taratibu likaingia ndani ya nyumba, likakaa huko. Mama Hanta akasema hata huyu mwenyewe hajui la kufanya, maskini. Akaendelea kukunja nguo.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo nimekwenda kusema ukweli. Nimetoka nyumbani nikiwa na sentensi yangu kichwani: Mama Hanta, ni mimi. Maneno machache tu.

Alikuwa anafunga sufuria kwenye mkeka. Kabla sijafungua mdomo, akaniuliza yeye. Polepole, haniangalii. "Jirani, hawa vinyonga, wanakuja wenyewe?"

Aliacha kamba. Akaniangalia, kisha akakiangalia kikapu changu, ambacho kwa upumbavu nilikuwa nimekibeba. Alisubiri. Naapa alisubiri.

Nikasema wanakuja wenyewe. Ni msimu wao.

Akasema aha. Akaifunga kamba. Leo hakunikaribisha kahawa, na leo ningekaa.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimembebea mkeka wake hadi kituoni. Tojo alibeba masanduku, yote mawili, na filimbi yake shingoni. Bendera anapunga kijana mwingine siku hizi, na anapunga vibaya.

Treni ilipokuja Mama Hanta akanishika mkono. Akasema sufuria kubwa ameniachia jikoni kwake, inatoa ukoko mzuri, lakini inataka wali wa watu wawili. Halafu akasema, "Ralaivao, kahawa yangu umeikataa mpaka nimechoka kukaribisha. Moramanga si mbali. Siku moja njoo, ugonge mlango tu, kama watu."

Nikasema nitaangalia, nina kazi.

Akapanda. Nikainua mkono kupunga, na mkono wenyewe ukafanya kama zamani: bendera ya kijani, njia nyeupe, nenda.

Nyumba yake haina moshi. Naandika haya na ninajua kwamba nimeumia. Sikuzoea kuandika hivyo.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimepika wali wa watu wawili kwenye sufuria yake. Ukoko umetoka wa dhahabu. Nimekunywa maji yake yote peke yangu, tumbo linauma.

Nimelitafakari neno lake siku zote hizi. Ugonge tu. Sawa, nigonge. Akishafungua niseme nini? Mtu mzima anasimama mlangoni mwa watu, hakuitwa, hana sababu, mikono inaning'inia. Hapana. Mama Hanta ni mtu mzuri lakini mambo haya hayajui.

Kosa langu nimeliona. Lilikuwa ni mlango. Moramanga hakuna mlango wa kutazama ndani wala nje: Tojo anasema Hanta anakaa ghorofani, na kuna kibaraza chenye vyungu vya maua. Kibaraza kinatazama barabara tu. Kinyonga akikaa pale, ukoo wao hauna neno juu yake. Na mjini nani atamwondolea? Watapiga kelele, na mimi nitakuwa chini pale, napita tu.

Nimepata mmoja mzuri leo alfajiri, jike, mpole. Nimemtandikia majani kikapuni na kumwekea panzi. Shati la vifungo vya shaba limekauka. Treni ni Jumatatu. Nimeshajizoeza mbele ya kioo: "Ah, Mama Hanta! Kumbe unakaa hapa?"

Akinikaribisha kahawa, nitasema nina kazi.