Kumkataa Wakili Niliyepewa Bila Kuulizwa

Ellard, Georgia
Machi 1973

Kwa Mheshimiwa Jaji wa Mahakama ya Shirikisho,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu. Naitwa Lavonia Tribble, fundi cherehani, mjane, na watoto wangu wawili wanasoma Mount Hebron, shule ya sisi weusi. Jumapili iliyopita Mchungaji alitusomea tangazo lako kanisani. Ndipo nilipojua kwamba kwa miaka minne nimekuwa nikiishtaki halmashauri ya shule, mimi pamoja na wazazi wote weusi wa kaunti hii, katika kesi moja, tukidai watoto wetu wasome sawa na wa wazungu. Nilifurahi mno. Si kila siku mtu anaambiwa amepigana vita vikubwa hivyo akiwa kwenye cherehani yake.

Tangazo likaendelea kwamba wakili wetu amekwisha kupatana na halmashauri kwa niaba yetu, na asiyeridhika amwandikie Jaji. Basi mimi sijaridhika, kwa sababu hizi:

1. Wakili wetu, Bwana Prescott Hale, ni kijana wa Atlanta, mweusi kama sisi, na inasemekana ni hodari. Naamini. Amezijua shida zetu zote bila kumuuliza hata mmoja wetu. Hata daktari hutuomba kwanza tutoe ulimi.

2. Naambiwa sheria inataka mzazi mmoja asimame badala ya wengine wote. Wetu ni Cleophus Rudd, mtu mwema sana, ambaye alihamia Detroit na wanawe mara tu kesi ilipofunguliwa. Nilimpigia simu.

"Kesi gani tena, Lavonia?" akaniuliza. Nilipomweleza akacheka. "Aa, ile! Mie nilidhani ilishakufa. Enhe, tumeshinda?"

Nikamwambia yeye ndiye wa kutuambia, maana kwa mujibu wa mahakama yeye ndiye sisi.

3. Mapatano yenyewe. Mount Hebron ifungwe Juni. Watoto wetu wabebwe na basi hadi shule ya wazungu mjini. Hakuna mtoto wa kizungu atakayebebwa kwenda popote. Wakifika wapimwe akili kwanza, na watakaoonekana wazito wasomee vyumba vya chini, kando ya tanuri la kupashia jengo joto. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Ezra Whitlow, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wazima wa kanisa letu, atapewa cheo cha kusimamia mabasi. Huo ndio ushindi. Nashukuru hatukushindwa.

4. Jumatano Bwana Hale alikuja kanisani kutueleza. Alichelewa, akala kuku wetu, akausifu mkate wa mahindi. Shemasi Purvis akasimama.

"Mwanangu, sisi tulitaka vitabu visivyochanika na paa lisilovuja. Nani alikwambia tunataka shule ifungwe?"

"Mzee, mimi siwasemei mlio humu tu. Nawasemea wote, hata watoto ambao hawajazaliwa."

"Ahaa! Kumbe hao ndio waliokwambia!"

Watu wakaangua kicheko. Mke wa Shemasi akamvuta koti: "Kaa chini, Purvis, mwache mtoto wa watu ale." Bwana Hale akatazama saa yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Bwana Whitlow kwenye benchi la nyuma, kofia magotini, akiizungusha, akiizungusha.

5. Kwa kuwa sheria ndivyo ilivyo, naomba na mimi uniteue niwawakilishe mawakili wote wa Atlanta. Nimemwona mmoja tu, lakini inatosha. Kwa niaba yao nakubali ofisi zao zifungwe. Waletwe Ellard kwa basi kila alfajiri. Wapimwe akili na mashemasi wetu, na wazito wapewe meza karibu na tanuri. Mkubwa wao atashika usukani. Wakinung'unika, nitawaeleza kwa upole kwamba ni kwa faida yao.

Ukiona sifai kwa kuwa sikuwauliza, Mheshimiwa, basi tumekubaliana. Tuondolee Bwana Hale. Tupe wakili atakayekaa, atakayesikiliza, na Mount Hebron isifungwe mpaka huyo apatikane.

Nisalimie karani wako na wote wa nyumbani kwako. Shemasi na mkewe wanakusalimu, Mchungaji pia.

Wako mtiifu,
Lavonia Tribble
kwa niaba ya wazazi wote weusi wa Kaunti ya Ellard

N.B. Wazazi hao sikupata nafasi ya kuwauliza, kazi ya kushona nguo za Pasaka imenibana. Lakini nayajua mawazo yao. Binti yangu Rosetta ameisoma barua hii nilipokwenda kutafuta stempu. Anasema yeye anaitaka hiyo shule ya mjini, tanuri au si tanuri, kwa sababu ina maabara na anataka kuwa daktari, na ananiuliza mbona yeye sikumuuliza. Nimemwambia mimi ni mama yake na stempu nimeshailamba. Anatishia kukuandikia mwenyewe. Akiandika, Mheshimiwa, tafadhali usimjibu: anaye wa kumsemea.