Bitana ya Meno ya Bibi

Jumanne, 4 Juni
Jumamosi Bibi anaagwa, anastaafu! Kafundisha miaka thelathini na minane, na atahutubia shule nzima. Bibi akisema, hata nzi hutua kusikiliza. Mimi nikiitwa darasani nasimama, nakaa, nasahau nilisimamia nini.

Fundi wa meno kamwekea bitana mpya ndani ya meno ya bandia ya chini, laini kama ndewe ya sikio, maana ufizi ulikuwa unamuuma. Maelekezo yako kwa Kiingereza, herufi kama sisimizi, macho ya Bibi hayazioni. Bibi kaniomba nimsomee. Mistari sita. Wa kwanza: osha kila baada ya mlo. Nikaona nimeelewa, nikakunja.

Binamu Bingwa anapiga pasi gauni la hotuba. Kaahidiwa kutajwa jina. Kutajwa! Mimi sitaki kuonekana. Ila kutajwa nataka.

Jumatano, 5 Juni
Mpango: meno meupe kuliko gauni. Bibi kalala mchana. Glasi, maji, vifuniko viwili vya dawa ya kung'arishia mashuka. Nusu saa tu.

Zikapita saa tatu. Nilikuwa kwenye kioo, nafanyia mazoezi uso wa mtu mnyenyekevu anayetajwa.

Meno yanang'aa! Bitana nayo imekuwa nyeupe kama chaki. Ngumu kama soli. Nikaitia maji ya moto ilainike. Ikabanduka ukingoni, ikajikunja. Nikaisugua kwa dawa ya meno kuua harufu. Mungu wangu.

Alhamisi, 6 Juni
Bibi kayavaa, kayatoa. Kauliza kwa upole: mjukuu wangu, umeyaosha au umeyafua? Binamu akasema Bibi ananukia mashuka ya hoteli. Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Kisha Mama akauliza, meno yasipotengenezeka nani atasoma hotuba? Bibi kaninyooshea kidole. Mimi! Nimejificha chumbani. Sijala.

Ijumaa, 7 Juni
Kwa fundi. Mtu wa ajabu! Kanusa mara moja, kapitisha kidole, kasema: dawa ya mashuka, halafu maji ya moto, halafu dawa ya meno. Kwa mpangilio uleule! Nikaangalia sakafu.

Hakunikaripia. Ana rafu nzima ya bitana zilizoharibiwa na familia za watu. Hii ilikaushwa na dawa ya kufulia, hii ilibambuliwa na maji ya moto, hii ilikwaruzwa. Kaomba yangu. Kasema hajawahi kupata yenye yote matatu. Niliona fahari, nakiri.

Akakwangua, akasafisha, akakoroga uji mpya wa bitana, akaupaka, akamvisha Bibi. Akamwambia aongee, bitana ijifinyange kwa mdomo unavyokwenda. Bibi akaanza hotuba yake: "Wanangu, kaeni wima." Barazani mgonjwa mmoja, mzee mwenye shavu lililovimba, akakaa wima. Fundi naye akanyoosha mgongo. Mikono ile, sauti ile! Nilisahau kuogopa.

Jumamosi, 8 Juni
Bibi kazungumza dakika arobaini. Hakuna neno lililoteleza. Hata mpishi wa shule kalia. Binamu katajwa kwa gauni. Halafu Bibi akasema kila mwalimu huhitaji mwanafunzi asiyesoma swali hadi mwisho, la sivyo angesahau kazi yake ni nini. Na wake yupo hapa, asimame.

Nikasimama. Nikakaa. Nikasahau nilisimamia nini. Nimetajwa!

Jumapili, 9 Juni
Kazi ya kuosha meno kapewa Binamu. Eti mimi sifai. Tutaona. Kesho asubuhi yeye ana mtihani, na fundi alinipa siri mwenyewe, nikaiandika kiganjani: maji baridi, brashi laini, sabuni. Baada ya sabuni palikuwa na neno jingine, jasho limelifuta. Si kitu. Jikoni kuna sabuni ile ya kijani ya kusugulia masufuria. Inatoa hata ukoko.