Kunguru na Nyumba ya Afisa Mapokezi

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Asubuhi mkuu wa kambi katukusanya uwanjani. Anasema kambi yetu, hii hii yenye mabomba ya kukohoa, huenda ikawa mwenyeji wa chuo cha kimataifa cha marubani wa ndege za kivita. Wanafunzi kutoka nchi chungu nzima! Wakaguzi watakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Wakiridhika, chuo ni chetu. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikawaza nani atawapikia watu wote hao, kila mmoja na chake anachokula na chake asichokigusa. Jibu: mimi, msimamizi wa bwalo. Mgongo ukaanza kuuma pale pale.

Kisha mkuu akaongeza jambo, mgongo ukapona. Chuo kikija, atateuliwa Afisa Mapokezi wa kuwashughulikia wageni, na nyumba nyeupe karibu na lango itakuwa yake. Vyumba vitatu! Bafu ndani!

Mimi, mke wangu na watoto wawili tunalala chumba kimoja nyumbani kwa mama mkwe. Mwaka wa sita huu. Nikigeuka tu kitandani, mama mkwe anauliza kupitia ukutani kama mkwe wake anaumwa. Basi nyumba ile ni yangu. Ole wake atakayeitamani.

Jumanne, 4 Machi

Kumbe Profesa anakitaka cheo.

Huyu si profesa wa chochote. Kazi yake ni kufukuza kunguru kwenye njia ya kurukia ndege. Alipelekwa ng'ambo kozi ya miezi mitatu, akarudi na cheti ndani ya fremu na sauti ya puani. Hakosi kukuambia kwamba kunguru mmoja tu akimezwa na injini ya ndege ya kivita, injini kwisha, rubani aanze kusali. Ana fataki, ana filimbi, ana gari. Hana mke wala mtoto. Vyumba vitatu vya nini, kuwekea filimbi?

Nimemwambia mke wangu kuhusu nyumba. Heri ningenyamaza. Aliacha kukunja nguo akaniuliza kama hii ni kweli, au ni kama ule ufugaji wangu wa kuku. Nikamwapia. Jioni akachelewa kurudi. Alikuwa amekwenda kuyapima madirisha ya nyumba nyeupe kwa kamba, kutokea nje, na kitambaa cha mapazia ameshanunua. Sasa nitarudi nyuma vipi?

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata mpango. Kunguru wakijaa uwanjani, mkuu ataona Profesa anashindwa hata na kunguru, sembuse wageni wa kimataifa. Kunguru wanafuata nini? Makombo. Na makombo ya kambi nzima yako mikononi mwa nani? Aha!

Alfajiri nimebeba ndoo, nikajivika koti la mvua la manjano, nikamwaga makombo nyasini kando ya njia ya kurukia. Wakaja kunguru wachache. Wakanitazama usoni, mmoja mmoja. Wakala. Mimi mchana nimelala juu ya magunia stoo, hoi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku tatu za ndoo, na uwanja mweusi! Kunguru mpaka juu ya soksi ya upepo, ile ya kuwaonyesha marubani upepo unakovuma! Profesa kalipua fataki zake zote. Waliruka, wakazunguka kidogo, wakarudi kula. Ndege ya mazoezi ikashindwa kuruka, na mkuu akamkaripia Profesa mbele ya watu hadi masikio yakamwiva.

Raha iliyoje. Nikampelekea chai, nikampa pole. Akanishika bega akasema kambi nzima ni mimi peke yangu ninayemjali. Nilijisikia vibaya kweli. Kisha kengele ya chakula ikalia.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo yamekwenda mrama. Leo sikupeleka makombo, maana kazi imekwisha. Basi kunguru wameyafuata wenyewe bwaloni. Si bwalo wanalolifuata, ni mimi. Wananijua! Nikitoka mlangoni, wote wanapiga kelele kwa pamoja. Nimelivua lile koti, haikusaidia kitu. Sura wameishika.

Wamenisindikiza hadi nyumbani, wakalijaza paa. Mama mkwe akatoka na ufagio, akaniuliza nimewafanya nini viumbe wa watu. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani anashona mapazia. Akatazama juu, akanitazama mimi, akauliza kama hili linahusiana na nyumba. Nikasema hata kidogo. Akaendelea kushona, ila polepole.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaribu kofia. Nimejaribu miwani ya jua. Nimejaribu kuchechemea. Kunguru hawadanganyiki. Aliyedanganyika ni mlinzi wa langoni, tunayejuana naye miaka yote hii, akaniweka chini ya ulinzi kama mtu asiyejulikana mpaka mpishi akaja kunidhamini. Kesho wakaguzi. Nimechoka mpaka kope.

Alhamisi, 13 Machi

Nina mengi ya kuandika.

Tulipangwa mstari kuwapokea. Nilikuwa na sare iliyonyooshwa na salamu za lugha nne kichwani. Mfukoni niliweka makombo, nikikusudia kuyarusha nyuma ya ghala wageni wakikaribia, ili kunguru wanipishe. Ndege ya wakaguzi ikatua vizuri. Kiongozi wao ni mama mrefu, rubani mstaafu, hacheki. Anapita kwenye mstari, anampa kila mtu mkono. Akafika kwangu. Kabla sijafungua mdomo, kunguru akatua begani pangu akachomeka mdomo mfukoni. Wa pili akafuata. Wengine wakajipanga miguuni wakingoja zamu.

Mama akamuuliza mkuu hiki ni kitu gani. Mkuu akanikazia macho. Profesa, aliyekuwa pembeni yangu, akauinamia mfuko wangu. Akayaona makombo. Nilimwona akielewa.

Hapo mdomo wangu ukasema wenyewe. Ukasema hii ni mbinu yetu mpya: badala ya kuwafukuza kunguru, tunawaita wakae mbali na njia ya kurukia. Mama akageuka kutazama. Hakuna kunguru hata mmoja! Uwanja mweupe, wote wako kwangu. Akasema amezunguka kambi nyingi na hajaona jambo kama hili. Alasiri wakatangaza. Chuo tumepata! Mkuu akanikumbatia, manyoya na yote.

Nimekimbia hadi nyumbani nikamwambia mke wangu afunge mizigo. Akapiga kigelegele. Watoto wakagombania vyumba papo hapo. Mama mkwe akasema atakuwa mpweke, akalia, nami nikalia pia. Ni uchovu tu.

Ijumaa, 14 Machi

Basi tena.

Mkuu kaniita. Wakaguzi wametoa sharti moja: mtu wa kunguru akae ncha ya mbali ya kambi, alfajiri hadi magharibi, siku zote ambazo wanafunzi wanaruka. Alale huko huko, kunguru wasije wakachanganyikiwa. Nianze leo leo, kunguru wazoee kabla wanafunzi hawajafika. Kuna kibanda cha mlinzi. Cha bati. Bomba liko nje. Afisa Mapokezi ni Profesa, kwa kuwa kunguru sasa ni wangu na yeye hana kazi nyingine. Nyumba nyeupe ni yake. Mkuu anasema hii ni heshima kubwa kwangu. Nikapiga saluti. Ningefanya nini?

Nilimkuta mke wangu ameketi juu ya mizigo. Profesa alikuwa ameshapita, akaeleza yote, kwa adabu zake zote. Tangu siku ile ya kwanza alikuwa amemwomba mkuu kwamba akipata cheo yeye, nyumba nipewe mimi, mwenye familia. Yeye chumba chake kinamtosha. Mkuu alikuwa amekubali. Baada ya kuyaona makombo mfukoni mwangu, Profesa akarudi kwa mkuu akasema nyumba anaitaka.

Mke wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu kwa nini sikukaa kimya bila kufanya lolote, kwani kukaa bila kufanya lolote kungetupa nyumba. Kisha akaanza kufungua mizigo, nguo moja moja, akizirudisha kwenye kabati la mama yake. Nilitaka kumsaidia. Akasema niache.

Jumapili, 16 Machi

Ndege za kivita za kambi zinapita juu ya bati hili hadi meno yanagongana. Sijalala tangu nihamie.

Mchana mke wangu alikuja na watoto, wameniletea chakula. Watoto walifurahia kunguru. Yeye alikaa mlangoni. Kisha akasema Profesa si mtu mbaya, ameumia tu. Akanisihi niende kwake kesho mapema, nisimame mlangoni pake, nimwombe radhi kwa kinywa changu, bila ujanja wowote. Anaamini Profesa ataiachia nyumba, kwa ajili ya watoto. Akasema hataniomba tena jambo jingine. Moyo ukaniuma kwelikweli. Nikamwahidi. Akaondoka uso umemkunjuka kidogo.

Na ahadi ni ahadi. Kesho alfajiri nitakwenda mlangoni kwa Profesa. Ila nitakwenda na ndoo. Ameshahamia nyumba nyeupe, na paa lake ni pana, kunguru wote watatosha. Wakizoea kifungua kinywa pale, hatapata usingizi, na wiki haitaisha kabla hajaja mwenyewe kunibembeleza niichukue nyumba. Wala kuomba radhi hakutahitajika. Mke wangu atafurahi sana.