Oili Nyekundu Nyumbani kwa Mzee Zacharia

Jumatatu, 9 Juni 2025
Jumamosi napeleka mahari Ngoingwa, kwa Mzee Zacharia, babake mchumba wangu Ngendo. Mbuzi, tanki la maji na soda. Binamu yangu Kagwe amejitolea kubeba kila kitu kwa pikapu yake mpya. Nimekataa. Kagwe akikubebea kitu leo, utakisikia kila Krismasi. Nitatumia pikapu yangu. Ni kuukuu lakini ni yangu.

Asubuhi nimekuta alama nyekundu chini yake, saizi ya chapati. Oili ya giaboksi! Na Mzee ametandika ua mzima kabro mpya, yale matofali ya saruji. Ngendo anasema hata kuku hawaruhusiwi kuikanyaga. Nimemwambia gari iko sawa.

Jumanne, 10 Juni
Nimeweka katoni chini ya gari ili nijue inavuja wapi. Tone limeanguka mbele. Nikageuza gari. Tone likaanguka nyuma. Basi inavuja mahali pawili. Ama inanichezea.

Kagwe amepita jioni akasema hapa kwangu ni mteremko, oili inatiririka kwanza kwenda upande wa chini ndipo idondoke. Nimemwambia najua. Sikuwa najua. Nimekaa nikifikiria huo mteremko mpaka chakula kikapoa.

Jumatano, 11 Juni
Nimeenda kwa Muthoka, fundi wetu hapa Ruiru. Alilala chini ya gari, akapangusa kila mahali kwa kitambaa, akaniambia niwashe injini, akangoja. Tone likatokea pale shafti ya nyuma inapoingia kwenye giaboksi. Sili, ile raba ya kuziba oili, imezeeka, imekauka. Akaweka nyingine. Akaacha injini ipate moto, akapima oili injini ikiwa bado inanguruma, akasema inatosha kabisa. Akanikataza kuongeza. Alirudia, tena mbele ya watu, kana kwamba mimi ni mtoto wa nasari.

Alhamisi, 12 Juni
Katoni ni kavu. Kavu kabisa! Nimeishika mapajani nikaitazama. Juzi gari ilivuja, leo haivuji. Gari isiyovuja ni gari iliyoishiwa na oili. Nikaiwasha nikapima hapo hapo, ikiwa baridi. Kijiti cha kupimia kikaonyesha oili iko chini ya alama. Muthoka alisema kitu kuhusu moto na baridi, lakini sikumbuki ni upi mzuri. Nimeongeza chupa.

Ijumaa, 13 Juni
Bado kavu. Naogopa sasa. Ngendo amepiga simu akauliza kama nimetengeneza gari. Nimesema ndiyo, na ni kweli, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kagwe ametuma ujumbe kwamba pikapu yake bado iko. Sijamjibu. Nimeongeza chupa nyingine, kwa sababu mzigo ni mzito na sijui kama oili huhesabu mbuzi.

Jumamosi, 14 Juni
Siku gani hii!

Ruiru hadi Thika, sawa. Kagwe alinifuata nyuma na wazee wetu. Kufika Ngoingwa, akina mama wakatufungia lango kama desturi, wakaimba, tukaimbishwa, wakafungua. Mzee Zacharia mwenyewe akanionyesha pa kusimama. Katikati ya kabro.

Wimbo ukakatika. Shangazi wa Ngendo alikuwa anaonyesha chini ya gari. Kitu chekundu kilikuwa kinadondoka, tena kwa haraka. Na juu yake, mbuzi.

Mzee akauliza kama ni damu. Kila mtu anajua mbuzi wa mahari lazima awe mzima, hata sikio lisiwe na mkwaruzo. Nikawaza: nikisema ni oili, nimemharibia kabro. Nikisema ni damu, nimemletea mbuzi mgonjwa. Sijui akili yangu ilipita wapi. Nikasema labda mmoja amejikwaruza.

Wazee wakawashusha mbuzi mmoja mmoja. Wakakagua kwato, masikio, ulimi, na kule nyuma ambako hata mbuzi aliona aibu. Wote wazima. Gari sasa haina mbuzi hata mmoja, na damu bado inatoka. Kagwe akainama, akachovya kidole, akanusa. Akawanusisha wazee: oili.

Mzee akanigeukia.

"Gachau, gari ikiharibika tunaita fundi," akasema. "Na wewe ukianza kunidanganya hapo kwa gate, nikupeleke kwa fundi gani?"

Nilijua Ngendo amenipotea. Nikaomba sabuni na brashi, nikapiga magoti na suti yangu, nikaanza kusugua huku wageni wakila. Baadaye nikasikia brashi ya pili. Ngendo alikuwa amevua viatu, anasugua kando yangu. Karibu nilie. Akaniuliza kama niliongeza oili. Nikasema kidogo. Akaniuliza kidogo ni chupa ngapi. Nikasugua kwa bidii zaidi.

Mzee akaja kukagua. Akasema alama bado iko, na nitakuwa nikija kila Jumapili kuisugua mpaka iishe. Nikaona hiyo ni adhabu. Mamake Ngendo akacheka, akaniambia nimekubaliwa.

Jumapili, 15 Juni
Gari ililala Ngoingwa. Nimekuja na Muthoka asubuhi. Ameniambia sili ni nzima, mimi ndiye niliyeijaza giaboksi oili mpaka, ilipopata moto, ikatafuta pa kutokea. Ametoa iliyozidi, amepima injini ikiwa moto, amesema imetosha. Ameniapisha mbele ya Ngendo kwamba sitaigusa tena. Nimeapa. Ngendo amenishika mkono.

Nimesugua mpaka saa nane, Mzee akaniletea chai kwa mkono wake. Ameniomba nimpeleke yeye na mamake Ngendo Githurai 45 kesho kwa pikapu hii, kumwona dada yake Mzee. Anataka kuniamini, amesema. Nimefurahi sana.

Wameingia ndani. Nimeinama chini ya gari. Hakuna hata tone.

Nimeongeza nusu chupa tu.