Mlinzi Aliyeingia Mferejini na Buti

Rashidiya, Dubai
Juni 2014

Kwako Bwana Mkubwa wa walinzi wa mfereji wa kale, Hatta,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, marahaba. Mimi sikusoma. Mkono huu ni wa mjukuu wangu Belinda, ila mdomo ni wangu, na nimemkataza kuupunguza makali.

Nalalamika kwa unyenyekevu mkubwa. Nasikia umemwondoa lindoni Gerishom, yule Mganda mrefu, kwa sababu Ijumaa, tulipokuja kutembea huko, aliingia majini kunitoa mimi. Nasikia pia kwamba Jumapili utaamua kama anarudi kazini au anarudishwa kwao. Kabla hujaamua, nisikilize.

1. Umesema aliingia majini na sare na buti. Sasa baba, ulitaka avue? Mbele ya bibi wa miaka sabini na sita, mjane, mzee wa kanisa? Angevua ningekuandikia barua nyingine, na hiyo isingekuwa na shikamoo.

2. Umesema aliacha lindo. Lindo lake ni mfereji. Alikuwa ndani ya mfereji. Wewe ulikuwa ofisini kwenye kiyoyozi. Nani kati yenu alikuwa mbali na lindo?

3. Umesema aliniacha niogelee palipokatazwa. Hakuniacha. Aliniambia, "Jaja, hapana," yaani bibi kwa kwao, mara tatu, na mara ya tatu alivua kofia kunisihi. Tena kibao chenu nimekitazama vizuri, maana picha haitaki shule: kuna mwanamume wa chupi anaogelea, amepigwa mstari mwekundu. Mimi si mwanamume, nilivaa kanga mbili, na sikuogelea. Sijui kuogelea. Nilikuwa nazama. Nionyeshe kibao kinachokataza bibi kuzama.

4. Kwetu Machame mifereji kama huo tunaiita mifongo. Wazee waliichimba kwa mikono, kutoka msituni mpaka migombani, kama walivyochimba wazee wa huko. Ukiuchezea mfongo, unawapelekea wazee wake mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, wanakunywa, yamekwisha. Na anayetozwa ni mkosaji, si aliyemtoa majini! Kwa kuwa huku mbege ni neno zito, nimepika sufuria la kiburu, ndizi na maharage, chumvi ya kutosha. Rogers, mume wa Belinda, atakuletea akitoka kazini Ras Al Khor. Ukishaonja, khalas, kesi imekwisha. Sufuria lirudi.

5. Ukikataa hata kiburu, basi mfereji wako hauna mzee. Nimewapikia wazee wa mfongo miaka arobaini, najua hukumu zao zote kabla hawajazitoa. Nitakuja kuukalia mwenyewe. Nitahitaji kigoda, mwavuli na Gerishom.

Msalimie mkeo, na mama yako kama yupo. Wasalimie walinzi wote wanaosimama juani, uwaambie wanywe maji. Madamu anayemwajiri Belinda naye anakusalimu, ingawa hajui.

Ni mimi ninayekuombea hata nikiwa nimekukasirikia,
Bibi Aikande

Nyongeza: Belinda ameweka kalamu chini, anasema haiingizi barua kwenye bahasha mpaka niseme kweli. Haya. Maji yalinifika magotini. Nilikaa kitako mwenyewe, maana hapa Rashidiya bomba la baridi linatoa maji ya kusongea ugali, na yale yalikuwa baridi kama ya nyumbani. Nilipogeuka nikamwona Gerishom juani, shati limemganda mgongoni, ananibembeleza nitoke. Nikaona huyu naye apoe kidogo. Nikapiga yowe kwamba nakufa. Alipoingia alifumba macho akasema "Eee," kama mtoto anayeogeshwa. Kwa hiyo kosa ni langu lote, na zile namba tano juu unaweza kuzifuta. Ila jambo moja usilifute, Bwana Mkubwa. Maji yale ni ya magotini, na yeye anasimama pale kila siku, anajua. Na bado alikuja mbio.