Kuhusu Kizibo Kilichomvua Mwenyekiti Kofia

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji,

Kwa heshima zote, napinga agizo lako kwamba shangazi yangu, mshonaji wa chumba namba tisa, ahame kabla ya Ijumaa kwa kosa la kutengeneza pombe ya nanasi. Naomba ahukumiwe mhusika halisi.

1. Shangazi aliloweka tu maganda ya nanasi na sukari ndooni, akafunika kwa kipande cha shela la bibi harusi, akarudi kwenye cherehani. Kazi iliyobaki ilifanywa na hamira, vijidudu vinavyoishi juu ya ganda lenyewe. Vilikula, vikanywa, vikatoa povu. Mwenyeji ahukumiwe kwa karamu ya wageni aliokuwa hata hawaoni?

2. Nimesoma kiasi kuhusu asili ya vinywaji vya kuchacha. Wataalamu wanabishana, nami nasita. Ila yaelekea hakuna aliyevibuni. Pengine mtu wa kale alisahau asali kwenye maji ya mvua, akarudi baada ya siku kadhaa, akaonja, akacheka peke yake. Chanzo, basi, ni usahaulifu. Tukifukuza wasahaulifu, atabaki nani? Bomba la ghorofa ya pili, uliloliacha wazi, linakukumbuka, Mwenyekiti.

3. Kizibo cha chupa ya pombe hiyo. Ni kweli kiliruka dirishani kikakuvua kofia uani, katikati ya hotuba yako kuhusu utulivu wa jengo. Ni kweli pia fundi bomba alipaza sauti, "Chupa imeunga mkono hoja!" na katibu akaliandika hilo kwenye kumbukumbu. Lakini kizibo kilisukumwa na hewa, na hewa ni mali ya wote. (Huenda hapa hoja yangu inapwaya.)

Kwa hiyo, Kamati iifukuze hamira: kwenye matunda, kwenye mikate, na kwenye vidole vya wajumbe. Likishindikana hilo, shangazi abaki. Ndiye aliyenilea, na sijawahi kulala nyumba isiyo na cherehani yake.

Msalimie mama watoto, katibu, na kofia.

Jirani yako mtiifu,
Mpangaji mdogo, chumba namba tisa

Tanbihi: Shangazi ameisoma barua hii na amekasirika. "Wadudu gani, mwanangu? Mkono ni wangu! Hao wadudu wako wanajua kipimo cha sukari?" Ameniamuru niandike kwamba pombe ni yake, kizibo alikikaza mwenyewe, na kwamba ulipoiokota kofia iliyolowa povu alikuona ukilamba kidole. Mara mbili. Chupa yako inakuja na barua hii. Tafadhali, ifungue ukiwa umeielekeza kwingine.