Kamati ya Harusi Yetu Haivunjwi

Jumatatu, 4 Mei

...na ndiyo maana nasema wifi Raheli hajui siasa. Anazunguka soko la Majengo mwaka mzima, anasikiliza wauza mahindi wakilalamikia choo, eti ndivyo chama cha ujamaa wa kidemokrasia kinavyokua. Kwa choo! Leo katibu wa wilaya kaniambia: Chang'ombe ikifikisha wanachama ishirini ifikapo Jumapili, tunapata tawi letu. Isipofikisha, tunawekwa chini ya tawi la Majengo. Yaani chini ya Raheli. Dada wa mume wangu! Mume wangu. Nimerudia kuliandika kwa raha tu. Kwa sasa wanachama ni mimi na Luka wangu, ambaye amenipikia chai ya tangawizi bila kuombwa.

Jumanne, 5 Mei

Nimeamka na jibu. Kamati ya harusi yetu! Watu zaidi ya thelathini. Wana mwenyekiti, wana kundi la WhatsApp, wanahudhuria vikao hata mvua ikinyesha. Chama gani kina nidhamu hiyo? Na kile kikao cha kuvunja kamati, cha kula na kushukuriana, bado hatujakifanya. Basi hakuna kuvunja. Jumamosi wakija kula, nawageuza tawi. Luka akauliza kama wenyewe wamekubali. Nikamjibu mtu akishashiba hukubali. Akacheka. Ule mwanya wake, Mungu wangu!

Alhamisi, 7 Mei

Mzee Mazengo, mwenyekiti wa kamati, amekuja hadi mlangoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, kisha akataka kujua mbona tangazo langu halisemi "kuvunja kamati". Kamati zote alizoongoza amezivunja mwenyewe, na yetu haitakuwa ya kwanza kubaki inaning'inia. Nikasema itaingia kwenye mengineyo. Jioni Raheli akapiga simu. Eti, wifi, watu si kunde, huwezi kuwaloweka usiku asubuhi wakawa laini. Wivu mtupu.

Jumamosi, 9 Mei

Supu ya mbuzi na chapati. Wamekuja wote, hata mpiga picha. Waliposhiba nikasimama. Nikawaambia upendo walioionyesha ndoa yetu ndio ujamaa wenyewe; je, nani wanakubali kamati yetu iwe tawi la chama? Mikono yote juu! Wengine na mifupa mkononi. Nikalia kwa furaha.

Tukachagua viongozi. Hotuba ya kuupokea uenyekiti nilikuwa nayo tayari kichwani. Wakamchagua Mzee Mazengo, kwa kuwa mwenyekiti ni yeye siku zote. Nikapiga makofi. Demokrasia ndiyo hiyo.

Mzee akashukuru, akasema sasa mengineyo. Iliyokuwa kamati ndiyo tawi, na kuvunja kuko palepale. Wanaokubali tulivunje? Mikono yote juu. Na wa Luka! Alipoona ninavyomtazama, akasema amezoea kumfuata mwenyekiti. Tawi limekufa supu ikiwa bado ya moto.

Nikaingia chumbani kununa. Uani Raheli akabaki anaosha masufuria na kina mama, anawauliza habari za mgao wa maji mtaani. Walivyomwaga ya moyoni! Mmoja akasema bomba lake hutoa upepo tu, angekuwa na tiara angerusha. Wakacheka mpaka nikafunga dirisha.

Jumapili, 10 Mei

Katibu kanipongeza kwa simu. Chang'ombe imevuka ishirini! Nikaruka juu. Kisha akamalizia: wamejiunga kupitia kwa Raheli, na wameomba wenyewe wawe naye, tawi la Majengo. Kesho wanakwenda pamoja ofisi ya maji. Luka atawabebea ndoo tupu za kuonyesha. Nimemsamehe, maana leo kanisani alivaa lile shati la bluu.

Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa supu. Chapati zingetosha, mtu aliyeshiba supu hunyoosha mkono kwa lolote. Tena kamati niliichukua ikiwa imezeeka, haiwazi kitu ila kuvunjwa. Inatakiwa ikamatwe changa.

Sasa Luka ananiambia binamu yake wa Kongwa anaoa Agosti, ndiyo kwanza wanaunda kamati. Nimempigia shangazi yake papo hapo. Shikamoo shangazi, nikamwambia, mkwe wenu ana hamu na ninyi. Mwezi huu hauishi kabla hatujafika, na msichague mwenyekiti mpaka nije.